Jibu kwa msomaji wa Morogoro anayekwenda kusoma Padova

Msomaji wa Morogoro ameniandikia: "Dada, nimemaliza shahada ya kwanza ya kilimo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na nimepata nafasi ya uzamili Chuo Kikuu cha Padova, Italia. Kozi inafundishwa kwa Kiingereza. Rafiki zangu wanasema nimebahatika, kwa sababu kusini mwa Ulaya watu ni wakarimu, baridi si kali, na bumu la huko, yaani fedha za kujikimu za mwanafunzi, linatosha. Lakini nimesikia mitihani mingi ni ya mdomo, na mimi darasani si msemaji. Je, nitaweza? Nijiandae vipi? Na mama anauliza nitakula nini."

Mdogo wangu, hongera sana, na mama mpe shikamoo yangu. Swali lake nitalifikia mwishoni.

Nianze na mtihani wa mdomo, maana ndio uliokutia hofu, na hofu yako ina msingi. Nilisoma uzamili katika mji mwingine wa kaskazini mwa Italia, na tangu wakati huo nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa kwetu wanaokwenda huko. Waliowahi kunipigia simu usiku wakilia, karibu wote masomo walikuwa wanayaelewa. Kilichowashinda ni kusema. Italia ni nchi ya mdomo. Chuoni, sokoni, ofisi ya polisi, kwa mwenye nyumba, mtu anakupima kwa unavyojieleza mbele yake. Sisi tumelelewa kuonyesha akili kwenye karatasi, kimya kimya, kisha matokeo yanabandikwa ukutani. Ukifika kule na GPA yako nzuri, unaweza kujikuta huna pa kuionyesha.

Mtihani wenyewe uko hivi. Unajiandikisha kwa tarehe mojawapo kati ya kadhaa zilizotangazwa. Siku ikifika mnakaa ukumbini, profesa anaita majina, unakwenda kukaa mbele yake, meza katikati. Nyuma yako wamekaa wenzako wanasikiliza, kwa sababu kwa taratibu zao mtihani ni wa hadharani. Wengi wa maprofesa hufungua kwa kukwambia uanze na mada unayoitaka mwenyewe. Ukishaanza atakukatiza: kwa nini? una hakika? na udongo ukiwa wa chumvi itakuwaje? Kukatizwa huko si hasira wala si dalili kwamba umekosea. Ndivyo wanavyozungumza hata mezani kwao. Mwisho anakutajia alama palepale. Alama ya juu ni 30, ya kufaulu ni 18, na aliyeng'ara kupita kiasi anaandikiwa 30 na neno la sifa, "trenta e lode".

Mtihani wangu wa kwanza nilipata 19. Swali nililijua lote. Nilijibu kwa sentensi nne, sauti ya chini, macho mezani, kisha nikanyamaza nikisubiri niulizwe zaidi. Kwetu hiyo ni adabu. Mbele ya mkubwa humwagi maneno. Profesa naye alinisubiri niendelee. Tukasubiriana. Alichokiona yeye ni mwanafunzi aliyeishiwa. Mwenzangu wa darasani, binti wa Kiitaliano aliyekuwa amekaa nyuma, ndiye aliyenieleza nje kwenye ngazi: kimya changu kilikuwa kimesomeka kama jibu.

Na kosa langu la pili lilikuwa kuipokea ile 19. Sikujua kwamba alama inakataliwa. Kwa kawaida, ukipewa alama ambayo unaona si kipimo chako, unaruhusiwa kusema huitaki na kurudi awamu nyingine. Awamu ni tatu kwa mwaka: Januari na Februari, Juni na Julai, kisha Septemba. Ukishindwa pia unarudi, na kushindwa huko hakuingii kwenye wastani wako. Kule hakuna sapu, mtihani wa marudio wa kukuaibisha, na hakuna kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kwa sababu ya somo moja. Lakini angalia, uhuru huo una mtego wake. Waitaliano wengi wanaahirisha mitihani mpaka miaka miwili ya uzamili inakuwa minne. Wao wako kwao. Wewe una kibali cha kuishi chenye tarehe ya mwisho na ufadhili unaohesabu mikopo ya masomo (si mkopo wa fedha, ni krediti unazopata kwa kila somo unalofaulu), kwa hiyo usiwaige.

Anza mazoezi sasa, hapo Morogoro. Kila siku chukua mada moja uliyoisoma SUA, simama, ieleze kwa dakika 10 kwa sauti kama unamfundisha mdogo wako, na ujirekodi kwenye simu. Siku tatu za mwanzo utaichukia sauti yako. Vumilia. Ukishakuwa fasaha, mwombe mtu akukatize katikati kwa maswali, kisha urudi kwenye hoja yako bila kutetereka. Kama ulipita madrasa, una akiba kubwa kuliko unavyodhani: umeshawahi kukaa mbele ya ustadhi, watoto wengine wanasikiliza, ukatoa ulichonacho. Tofauti ni kwamba hapa kukariri hakutoshi, utatakiwa kueleza sababu. Na ukifika Padova, kabla ya mtihani wako wa kwanza, nenda ukumbini ukasikilize ya wengine. Unaruhusiwa. Utajifunza zaidi asubuhi hiyo moja kuliko wiki ya kusoma maktaba.

Ukiwa huko, ingia jengo la kale la chuo, wanaloliita Bo. Chini ya ngazi kuna sanamu ya Elena Lucrezia Cornaro Piscopia. Tarehe 25 Juni 1678 alihojiwa kwa mdomo mbele ya umati mkubwa, mpaka mtihani ukahamishiwa kanisa kuu la mji kwa sababu watu hawakuenea chuoni. Alifafanua vifungu vya Aristotle, akatunukiwa udaktari wa falsafa, na huyo ndiye anayehesabiwa mwanamke wa kwanza duniani kupata shahada hiyo. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1222, walimu na wanafunzi walipohama Bologna wakitafuta uhuru zaidi. Galileo alifundisha hapo tangu 1592 hadi 1610. Nakutajia haya kwa sababu mtihani utakaoufanya ni wa ukoo huohuo, na aliyevunja mlango mkubwa kuliko wote alikuwa mwanamke aliyefungua kinywa chake.

Sasa lugha. Usidanganyike na neno Kiingereza kwenye barua yako ya kupokelewa. Darasa litakuwa la Kiingereza, lakini mwenye nyumba, karani wa posta, daktari na dereva wa basi wanasema Kiitaliano, na wazee wengi wa Veneto, mkoa ilipo Padova, wanasema lahaja yao ambayo hata Mwitaliano wa Naples inamsumbua. Fika ukiwa na Kiitaliano cha miezi minne au mitano angalau. Chuo kitakuwa na madarasa ya lugha, lakini ukiyasubiri utakuwa umeshapita miezi migumu kuliko yote ukiwa bubu.

Na hapa Kiswahili kinakubeba kuliko unavyojua. Herufi zao tano za irabu zinasikika karibu kabisa kama zetu, na maneno yao mengi huishia kwa irabu. Mwingereza anahangaika mwaka mzima kutamka "pomodoro". Wewe utaisoma mara ya kwanza ukaipatia. Kitenzi chao kinabeba nafsi ndani yake, "parlo" ni nasema, "parliamo" ni tunasema, hivyo huhitaji kutanguliza mimi na sisi kila mara. Nomino zao zina jinsia na kila kivumishi kinafuata, na kwa mtu aliyekulia kwenye upatanisho wa ngeli hilo halina ugeni. Jihadhari na konsonanti zinazokazwa. "Anno" ni mwaka. Ukiitamka kwa n moja, kutaja umri wako kutageuka matusi. Na yapo maneno yatakayokuchekesha: "vita" kwao ni maisha, "sera" ni jioni, "mia" ni yangu, na "pesa" ni kitenzi cha kupima uzito.

Heshima pia unayo tayari. "Ciao" ni ya rika. Kumwambia profesa "ciao" ni sawa na kumwambia mzee wa mtaa "mambo". Kwa profesa, karani na mtu mzima usiyemjua sema "buongiorno" na umwite kwa "Lei", nafsi ya heshima. Wageni wengi kutoka nchi zinazosema Kiingereza hawalijui hilo na wanaonekana wakorofi bila kukusudia. Wewe uliyelelewa na shikamoo utalishika siku moja, na milango mingi itafunguka kwa hilo tu.

Tuje kwenye bumu, na hapa naomba usome taratibu. Rafiki zako wamesema linatosha. Likifika, karibu linatosha. Ufadhili wa mkoa unatolewa kwa hali ya kipato cha familia, na kwa mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini aliyetoka mbali ni kama euro 7,000 kwa mwaka, sehemu yake ikikatwa kwa ajili ya kitanda cha hosteli na chakula cha kantini ikiwa utapewa. Mwenye sifa husamehewa pia ada ya masomo. Lakini awamu ya kwanza ya pesa mara nyingi haifiki kabla ya Desemba, na wewe utakuwa umefika mwisho wa Septemba. Miezi hiyo mitatu ndiyo inayowavunja watu. Kuna pia miaka na mikoa ambayo mtu anaorodheshwa kuwa anastahili, kisha fedha zinaisha kabla hajafikiwa. Kwa maoni yangu usipande ndege bila kama euro 2,500 za kuanzia, mbali na ulichoonyesha ubalozini kwa ajili ya visa. Ukoo ukichanga, uchange kwa ajili ya hili badala ya sherehe ya kukuaga.

Ili upimwe kipato, utatakiwa karatasi za wazazi wote wawili: mapato, nyumba na mashamba wanayomiliki, salio la benki, na idadi ya mnaoishi pamoja. Zitafsiriwe Kiitaliano na kuthibitishwa kupitia ubalozi wao Dar es Salaam. Hili ndilo jambo ambalo ukilisahau nyumbani halirekebishiki kwa urahisi ukiwa kule. Mzazi mkulima asiye na hati ya mshahara naye anahitaji karatasi rasmi inayoeleza hali yake, na kuipata kunaweza kuchukua wiki kadhaa za kwenda na kurudi serikali ya mtaa na halmashauri. Anza Jumatatu.

Kisha kuna sharti ambalo wengi hulisoma wakiwa wameshachelewa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kawaida anatakiwa awe amefikisha mikopo 20 ya masomo ifikapo tarehe 10 Agosti. Hapo ndipo mtihani wa mdomo unapokutana na mfuko wako. Masomo matatu hivi yanakutosha, lakini ukiyaogopa mpaka Septemba, awamu ya pili ya fedha inaponyoka, na ukiendelea hivyo unaweza kudaiwa hata ile uliyokwisha kula. Fanya somo lako jepesi kuliko yote Januari. Alama si hoja siku hiyo, ila usirudie kosa langu: kama ni ndogo mno na muda unao, ikatae kwa heshima.

Karatasi za kuishi nitazipitia haraka. Ndani ya siku nane za kazi tangu kuingia Italia unatakiwa uombe kibali cha ukaazi, "permesso di soggiorno". Unachukua bahasha ya fomu posta, unajaza, unabandika stempu ya ushuru ya euro 16, unalipia huduma ya posta euro 30 na kadi yenyewe zaidi ya euro 70. Utapewa risiti na tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Kadi inaweza kuchukua miezi. Risiti hiyo itunze kama cheti cha kuzaliwa, piga picha yake, na jua kwamba visa ikishaisha na kadi haijatoka, risiti peke yake haikuruhusu kupita nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia visa moja. Wapo waliokata tiketi ya kurudi nyumbani Desemba kupitia mji mwingine wa Ulaya wakazuiwa. Kwa kazi, kibali cha mwanafunzi kinaruhusu saa 20 kwa wiki.

Bima ya afya: kujiunga na huduma ya taifa kwa hiari kulikuwa chini ya euro 150 kwa mwanafunzi, na tangu 2024 ni euro 700. Malipo hayo ni ya mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, na hayagawanywi. Ukilipa Oktoba umenunua miezi mitatu kwa bei ya mwaka. Chukua bima binafsi ya kukuvusha mpaka Desemba, kisha Januari uamue.

Nyumba ndiyo vita yenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiitaliano. Mei 2023 wanafunzi wa Italia walilala kwenye mahema mbele ya vyuo vyao, wakianzia Milano, kupinga kodi za vyumba. Padova si ghali kama Milano, lakini chumba cha peke yako mara nyingi ni kati ya euro 350 na 500 kwa mwezi, na mwenye nyumba atadai amana ya miezi miwili au mitatu. Usitume hata euro moja kwa mtu ambaye hajakuonyesha chumba, hata akikutumia picha ya kitambulisho. Omba hosteli ya chuo siku ileile maombi yanapofunguliwa. Ukipanga nje, dai mkataba uliosajiliwa mamlaka ya mapato, kwa sababu bila huo unaweza kuhesabiwa kama mwanafunzi anayelala kwao na ufadhili ukapunguzwa. Atakayekwambia "mkataba hauna haja, nitakushushia kodi" anakutoa mfukoni zaidi ya anachokupunguzia. Kozi za kilimo ziko kampasi ya Agripolis, Legnaro, kilomita kama kumi nje ya mji. Angalia njia ya basi kabla ya kusaini.

Na kuna hili nisilopenda kukuficha. Utapiga simu kuulizia chumba, mtu akisikia lafudhi yako au jina lako, chumba kitakuwa "kimeshachukuliwa". Mwenzako Mwitaliano atapiga baada ya dakika kumi na kipo. Nimeliona likitokea mbele yangu, na liliniuma kuliko nilivyotarajia. Usilinyamazie na usilibebe peke yako. Mwombe mwenzako apige yeye, nendeni pamoja kukiona, na ukiingia ndani jieleze: unasoma nini, unatoka wapi, unalipaje. Wapo waliokataa kwenye simu wakakubali mlangoni. Wapo wasiokubali, na hao waache.

Kuhusu baridi, rafiki zako wameifikiria Italia ya kwenye picha, ya bahari na jua. Padova iko kwenye tambarare ya mto Po. Novemba ukungu unashuka, unakaa siku nzima, baridi yake ni ya unyevu inayoingia mifupani. Desemba jua linatoka saa mbili kasorobo asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Mtoto wa Uluguru unaijua baridi ya mlima, lakini giza la mapema hulijui, na ndilo linaloleta upweke. Jipangie jambo la nje ya chumba kila siku saa kumi na moja jioni: kwaya, maktaba, mazoezi, darasa la lugha. Siku za jua nenda bustani ya mimea ya chuo, ipo tangu 1545, na ndani yake kuna mti wa jamii ya minazi na mitende uliopandwa mwaka 1585. Kwa mtu wa kilimo, huo ni mti wa kwenda kuusalimu.

Na mama ameuliza utakula nini. Mwambie utakula ugali. Veneto ndiyo nchi ya "polenta", unga wa mahindi uliosongwa, na sehemu hiyo wanaipenda hasa ile nyeupe, "polenta bianca", tofauti na ya njano ya mikoa mingine. Tafuta pakiti iliyoandikwa "farina di mais bianca". Acha ile ya kupika dakika tano, imeshapikwa kiwandani na haina ladha. Wao huisonga laini na kuila na samaki au nyama. Wewe kaza mkono. Karne ya 18 na ya 19 wakulima maskini wa huko walikula karibu polenta tupu wakaugua pelagra kwa kukosa vitamini ya niasini. Utalisikia darasani, na siku hiyo utakuwa na la kusema, kwa sababu unajua kwa nini bibi zetu hawasongi ugali bila kuweka maharage au dagaa pembeni. Majani ya "bietola" yatakaa mahali pa mchicha. Dagaa wakavu beba kutoka nyumbani, wamefungwa vizuri, kilo moja inatosha mpaka Krismasi. Mwiko pia beba. Wa kwao ni mwembamba, wangu ulivunjika wiki ya pili.